Prostati: mbele ya matunzo uulize, nyuma ya matunzo usijifiche



Kila mara ukurasa huu unazungumuza juu ya kofia ya kazi, viatu, mavumbi na baruti. Leo tunashuka chini ya mukaba. Tunajua kwamba wazee wengi watageuza ukurasa haraka, zaidi kama watoto wako karibu. Tunakuomba usigeuze. Kama unasikia haya, soma peke yako, kisha umupe bibi yako naye asome.

Tuchukue mufano. Tuseme kuna muzee mumoja, anaendesha lori kubwa la karieri, miaka yake ni 58. Munganga amemuambia kwamba ana kansere ya prostati, na kwamba matunzo yako. Muzee anauliza neno moja tu: «Munganga, nitabaki mwanaume?» Wagonjwa wengine wanangoja ku mulango. Munganga anajibu mbio: kwanza tupate kupona, mengine tutaona. Muzee anarudi ku nyumba, anafungia karatasi zake ndani ya sanduku, na hamuambii mama kitu. Miezi inapita. Mugongo unauma, yeye anasema ni kiti cha lori. Siku anayorudi ku lopitali, anakuja na fimbo, kwa sababu ugonjwa umekwisha kufika mu mifupa.

Ulizo la muzee huyu halikuwa la upumbavu. Lilistahili jibu. Mwanaume asiyejua matunzo yatamufanya nini, anayakimbia. Na yule anayeyapokea bila kuambiwa, anayaacha katikati wakati mwili unaanza kubadilika. Kwa hiyo leo tutasema waziwazi.

KIUNGO GANI HIKI?

Prostati ni kiungo cha mwanaume, kidogo kama ndimu. Kinakaa chini ya kibofu cha mukojo, na tiyo ya mukojo inapita katikati yake. Kazi yake ni kutoa sehemu ya maji yanayochukua mbegu. Kwa pembeni, kushoto na kuume, kunapita nyuzi nyembamba sana zinazoamuru mwili wa mwanaume usimame. Chini yake kuna musuli wa muviringo unaofunga mukojo, sawa na robine. Kumbuka vitu hivi viwili, nyuzi na robine: taabu nyingi tutakazosema zinatoka pale.

Mwanaume akizeeka, prostati inanenepa. Anaamuka usiku mara tatu, mara ine. Mukojo unatoka polepole, unakatika. Mara nyingi ni kunenepa tu, si kansere. Tena kansere ikiwa changa, mara nyingi haionyeshi alama yoyote. Ndiyo maana munganga anatumia kipimo cha damu kinachoitwa PSA, na anapima kwa kidole kupitia nyuma. Wazee, kile kidole kinachukua muda mufupi kuliko kufunga kamba za viatu. PSA ikipanda, usianze kulia: prostati iliyonenepa tu ao iliyo na vijidudu inaweza pia kuipandisha. Kwa kawaida kansere inahakikishwa na biopsi, yaani vipande vidogo vinavyotolewa kwa sindano na kutazamwa ku darubini.

Kama baba yako ao ndugu yako wa tumbo moja aliupata, wewe uko mu hatari zaidi. Usingoje miaka 60. Zungumuza na munganga kuanzia miaka 40 ao 45. Na bibi asiogope: kansere hii haiambukizi, wala kwa sahani, wala kwa kulala pamoja.

Ugonjwa huu hauangalii cheo. Marshali Mobutu alipasuliwa ku Lausanne, Uswisi, mwaka 1996, akafa ku Rabat, Maroko, tarehe 7 Septemba 1997. Lakini Nelson Mandela alipatikana nao mwaka 2001, akatunzwa kwa mionzi, akaishi mpaka mwaka 2013, akiwa na miaka 95. Naye Askofu Desmond Tutu aliambiwa habari hiyo mwaka 1997, akaishi miaka 24 tena. Hatusemi kwamba lopitali ya wakubwa ni sawa na yetu. Tunasema tu kwamba neno kansere na neno kifo si neno moja.

MATUNZO NI MENGI, NA HAYALINGANI

Mbele ya kuchagua, munganga anatafuta kujua mambo mawili: kansere ingali ndani ya prostati ao imetoka inje? Tena ni kali ao ni pole? Ukali wake unaandikwa kwa hesabu inayoitwa Gleason, toka 6 mpaka 10. Uliza yako ni ngapi. Andika mu kitabu.

Kama ni pole na ingali ndani, munganga anaweza kusema: tusifanye kitu sasa, tuichunge. Watu wengi wanazani kwamba anawatupa. Hapana. Kule Uingereza, wanaume 1643 waliokuwa na kansere isiyotoka inje ya prostati waligawanywa katika makundi matatu: wa kuchungwa, wa kupasuliwa na wa mionzi. Miaka 15 nyuma yake, habari iliyotolewa mwaka 2023, waliokufa kwa kansere hii walikuwa karibu 2 ao 3 kwa 100 katika kila kundi. Lakini kuchunga ni kazi: PSA kwa tarehe yake, munganga kwa tarehe yake, na biopsi tena ikihitajiwa. Wengi wa wale waliochungwa waliishia kupasuliwa ao kupata mionzi. Mwenye kuchungwa asiyerudi hachungwi, amejitupa mwenyewe.

Kupasuliwa ni kutoa prostati yote. Zamani nyuzi zilikatwa pamoja nayo. Mwaka 1982, munganga Patrick Walsh wa Baltimore, Marekani, alifanya ya kwanza kwa namna ya kuziacha. Lakini kama kansere imekaa karibu na nyuzi, haziwezi kuachwa. Uliza mbele: «Nyuzi zangu utaweza kuziacha?»

Mionzi inachoma kansere kutoka inje, bila kisu wala maumivu wakati wa kuchomwa. Unaenda siku tano kwa juma, mara nyingi muda wa majuma ine mpaka nane. Kwa sisi watu wa Katanga, taabu kubwa ni mashini yenyewe, maana inchi yetu haina nyingi. Wengine wanavuka Kasumbalesa mpaka Lusaka, Zambia, kwenye lopitali ya kansere iliyofunguliwa mwaka 2007. Shauri letu: mbele ya kuuza parsele ao kukopa feza, pata barua inayosema kwamba mashini inatembea, utaanza siku gani, na bei ya yote. Mashini kama hizi zinaharibika sawa na mashini za kazi yetu, na mugonjwa anayelipa hoteli akingoja fundi anaisha feza mbele ya kuchomwa mara moja.

Kuna tena matunzo ya homoni, na hapa ndipo wazee wengi wanakimbia. Kansere hii inakula homoni ya kiume, inayotengenezwa zaidi na makende. Munganga Charles Huggins alionyesha mwaka 1941 kwamba ukikata chakula hicho, kansere inasinyaa; alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Njia ni mbili. Ya kwanza ni kutoa makende kwa operesheni ndogo: unafanyiwa mara moja, bei ni kidogo, lakini hairudi nyuma. Ya pili ni sindano kila mwezi ao kila miezi mitatu: ukiacha, homoni inaweza kurudi, na kansere nayo inakula tena.

Mwandishi huyu atatoa wazo lake. Mwanaume anayeishi mbali, asiye na hakika ya sindano ijayo, anapashwa kufikiri sana mbele ya kukataa operesheni ile. Sindano inayokosa mara mbili kwa mwaka haikati chakula cha kansere. Lakini hakuna mutu wa kumulazimisha. Ni yeye na munganga na bibi yake. Homoni haimalizi kansere iliyofika mu mifupa. Inailalisha, mara nyingine kwa miaka mingi. Ikiamuka, kuna kinini nyingine, na kuna kemoterapi ya kutiwa mu mushipa. Mara nyingine munganga anaanza nazo pamoja na homoni.

ROBINE INAYOVUJA

Nyuma ya kupasuliwa, unabaki na sonde, ile tiyo ndogo ya mukojo, karibu juma moja ao mbili. Siku inapotolewa, mukojo unavuja. Unakohoa, unavuja, unainuka ku kiti, unavuja. Muzee wa miaka 60 anajiona kama mutoto muchanga, anaacha kanisa, anaacha mukutano, anaacha kusalimia jirani. Tunataka ujue mbele: kwa wengi inapunguka mwezi kwa mwezi, na inaweza kuchukua mwaka muzima. Kwa wachache inabaki. Nao wana musaada, warudi kwa munganga.

Robine ni musuli, na musuli unafundishwa. Kaa ku kiti. Funga kama vile unazuia mukojo na hewa ya nyuma pamoja. Usikaze tumbo, usizuie pumzi. Hesabu polepole mpaka 5, legeza, hesabu tena mpaka 5. Fanya mara 10, asubuhi, muchana na magaribi. Hakuna atakayekuona, unaweza kufanya hata ndani ya bisi ya kazi. Anza majuma kazaa mbele ya operesheni. Acha wakati sonde ingali ndani, kisha anza tena.

Vaa kitambaa cha pamba kilichokunjwa, badilisha mara kwa mara, fua na anika ku jua. Kahawa, chai kali na pombe vinachokoza kibofu, punguza. Lakini maji usipunguze! Tunasikia watu wanaoshinda posti nzima bila kunywa, kusudi wasivuje. Ndani ya joto la karieri ao chini ya udongo, huko ni kutafuta kuanguka. Na mukojo muzito unachoma kibofu zaidi.

Mionzi nayo ina mambo yake: uchovu, kukojoa mara kwa mara, kuharisha. Mara nyingi yanapita majuma machache nyuma ya kumaliza. Damu kidogo wakati wa kwenda choo inaweza kutokea hata nyuma ya miezi ao miaka. Usinyamaze, na usiseme mwenyewe kwamba ni ya mionzi, munganga aangalie.

MAMBO YA CHUMBANI

Sasa tunafika ku ulizo la muzee wetu. Nyuma ya kupasuliwa, mwili mara nyingi hausimami kwa miezi. Kama nyuzi ziliachwa, nguvu inaweza kurudi kidogo kidogo mpaka miaka miwili. Kwa wengine inarudi nusu, kwa wengine hairudi. Utamu unaweza kubaki, lakini maji hayatoki tena, na mimba kwa njia ya kawaida haiwezekani. Kama mungali munataka mutoto, mumuambie munganga mbele, si nyuma. Kwa mionzi, nguvu haiendi mara moja, inaweza kupunguka polepole mu miaka inayofuata.

Homoni ni tofauti. Pale hata hamu yenyewe inazimika. Mwanaume anamutazama bibi yake anayemupenda, na mwili hauulizi kitu. Mama asipoelezwa, atafikiri nini? Atafikiri kuna bibi mwingine mu kambi. Tumesikia kwamba nyumba zinaweza kuvunjika kwa sindano ambayo bibi hakuijua. Kwa hiyo mama aingie kwa munganga pamoja na baba, asingoje ku baraza. Kushikana mukono, kulala karibu, kuzungumuza usiku: munganga hakukataza hata kimoja.

Dawa za kusaidia ziko: kinini, sindano, hata pompi ndogo. Lakini zitoke kwa munganga. Ile kinini ya nguvu inayouzwa ku soko, ukiichanganya na dawa ya moyo inayoitwa trinitrine, damu inaweza kushuka gafula na ukafa. Na dawa zinazosemwa kwamba zinaongeza homoni ya kiume, wewe mwenye kansere hii, ni chakula unachomupelekea adui. Ukienda kwa mufumu, sisi hatutakufunga mulango, lakini muambie munganga majina ya mizizi unayokunywa, na usiache sindano juu ya mizizi.

JOTO LA USIKU NA MIFUPA

Mwenye kutumia homoni anashikwa na joto la gafula. Uso unawaka, jasho linatoka, shuka zinalowana. Wengine wanakunywa dawa ya malaria mara tatu kwa mwezi kwa sababu hiyo. Tumia kipimo cha homa: kama mwili hauna homa, ni homoni, kama ina homa kweli, enda ku dispanseri. Joto hili ni la kuchosha tu, haliui. Nguo nyepesi, dirisha wazi chini ya musikitere, pombe kidogo ao hapana.

Matiti yanaweza kuvimba kidogo na kuuma. Tumbo linanenepa, mikono inakonda, mutu anasikitika bila sababu ao anakasirika na watoto. Hii si tabia yake mupya, ni dawa. Lakini kama huzuni inazidi, munganga aambiwe. Sukari na tansio vipimwe. Mifupa inapoteza nguvu yake: tembea kwa miguu karibu nusu saa siku nyingi za juma, nyanyua vitu vyepesi, acha tumbaku na lutuku. Ku bukari, mama aweke ndagala za kukauka zinazoliwa pamoja na mifupa yake, soya na lengalenga. Chakula hakiponyeshi kansere, lakini kinashikilia mwili unaotunzwa.

KURUDIA KAZI

Nyuma ya operesheni, karibu majuma sita usinyanyue vitu vizito. Mukaba wa usalama unaokaza tumbo, na lori linalotikisa muchana kutwa, vingoje mpaka munganga wa kazi aseme. Uchovu wa mionzi na wa homoni si uvivu. Mutu aliyechoka hivi asikae ku usukani wa mashini kubwa usiku. Omba kazi nyingine kwa muda. Shefu wako hana haki ya kujua jina la ugonjwa wako: munganga anaandika tu kazi unayoweza na ile usiyoweza, na choo kiwe karibu.

Na ninyi wa ekipi, mukiona mwenzenu anaenda choo mara nyingi, muache mizaha. Zamu ya kucheka inazunguka.

Alama tatu hazingoji asubuhi. Mukojo ukikataa kabisa kutoka na tumbo linajaa, enda mara moja. Ukiwa na sonde na homa ya kutetemeka, enda mara moja. Na kama mugongo unauma na miguu inalegea ao inakufa ganzi, ao mukojo na choo vinatoka bila kujua, mugonjwa alazwe, achukuliwe ku lopitali usiku uleule: kansere inaweza kuwa inabana uti wa mugongo, na saa zinazopotea pale zinaweza kumuacha asitembee tena.

Turudie kwa muzee wetu wa lori, lakini tumuandikie safari nyingine. Siku ileile anamuonyesha mama karatasi. Wanarudi wawili kwa munganga, na mama ameandika maulizo ku karatasi ya daftari la mutoto: Gleason ni ngapi? Imetoka inje ao hapana? Tukichagua hii, mukojo utakuwa namna gani? Mambo ya ndoa je? Sindano ikikosa ku farmasi, tufanye nini? Munganga anavuta kiti, maana maulizo yaliyoandikwa hayajibiwi kwa kusimama. Anaeleza mazoezi ya robine, hesabu mpaka 5, mara 10. Muzee anatazama chini. Mama anauliza: «Munganga, yeye ni mutu wa kusahau. Nikimuhesabia mimi, itafaa?»

Munganga akasema itafaa sana.